Pete ya dhahabu imepotea kwenye parachichi Njombe: ditekta inapiga kelele kila mahali, tatizo ni mashine au udongo?

Mkulima_Uwemba

Kamwene wakuu. Naomba mwongozo wa wanaozijua ditekta za metali.

Kinachotafutwa ni pete ya ndoa ya kike, dhahabu ya karati 18, nyembamba, haina jiwe. Imepotea siku ya kuweka samadi kwenye parachichi za Hass, Uwemba. Ni mistari minne yenye miti sita kila mmoja, nafasi mita 7 kwa 7. Samadi ya ng'ombe iliwekwa kuzunguka kila mti, juu yake matandazo ya nyasi kavu. Tangu siku hiyo jembe halijapita. Udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi, na nyasi za katikati ya mistari zinafika magotini.

Nimeazima Garrett Ace 300i. Nikiishusha inalia, nikiinyanyua inanyamaza, nikiishusha inalia tena, hata mahali ambapo hakuna kitu. Nikiongeza kuchuja chuma inatulia, lakini hapo haisikii hata pete nyingine niliyoilaza chini kwa majaribio.

Maswali yangu:
1. Mashine ni mbovu au ni udongo?
2. Niende Chunya nikakodi zile za kutafutia dhahabu?
3. Kuna programu za simu zinazodai kupima metali. Zinafaa?
4. Nikipata mlio chini ya mti, nichimbeje bila kuuumiza?

Natanguliza shukrani.

---

Koili_Pana

Kamwene mkuu. Mashine yako ni nzima. Inausikia udongo.

Ile koili ya chini inatoa uga wa sumaku unaogeuka mara nyingi kwa sekunde. Ace 300i inafanya kazi kwenye kilohezi 8, maana yake mara 8,000 kila sekunde. Metali ikiingia kwenye uga huo inaamsha umeme mdogo ndani yake na kurudisha jibu. Sasa wekundu wa udongo wa Njombe unatokana na chuma kilichooza, na ndani yake mna chembe zinazoshika sumaku. Nazo zinajibu. Ushahidi umeuandika mwenyewe: inalia ikishuka, inanyamaza ikipanda. Metali halisi hailii hivyo kila mahali. Inalia koili inapopita juu yake kutoka upande mmoja kwenda mwingine, tena inalia pale pale kila ukirudi.

Mashine zenye kusawazisha udongo zinafundishwa kulipuuza jibu hilo. Ace 300i imesawazishwa kiwandani na huwezi kuibadilisha. Kwa udongo wa mchanga au kichanga inatosha, kwa mwekundu wetu inateseka. Ukibaki nayo, shusha usikivu hadi nusu au chini kidogo ya nusu, na beba koili sentimita 4 hadi 5 juu ya udongo badala ya kuigusisha. Utapoteza kina, ila pete ambayo haijalimiwa haijaenda mbali. Udongo usipofukuliwa, kitu kidogo kizito kinakuwa kwenye sentimita 2 hadi 5 za juu, pengine ndani ya samadi yenyewe. Kwa hiyo marufuku palizi ya jembe mpaka utafutaji uishe. Jembe la mkono linapeleka kitu sentimita 15 hadi 20 chini kwa pigo moja, na hapo pete nyembamba kwenye udongo kama huo inakuwa mtihani hata kwa mashine ya bei.

Ukiweza kubadilisha, tafuta yenye kusawazisha na yenye koili ya DD. Nokta Simplex+ (kilohezi 12) na Garrett AT Pro (kilohezi 15) zote zinazo. Koili ya DD inasoma ukanda mwembamba kutoka mbele hadi nyuma, hivyo inakusanya udongo kidogo kuliko ile ya kawaida inayosoma kama faneli.

Kusawazisha kwenyewe: tafuta kipande kisicho na metali, ipitishe koili kwanza hali ya kutochuja chochote uhakikishe. Bonyeza kitufe cha kusawazisha ukiwa unapandisha na kushusha koili, kutoka sentimita 3 hadi 20 juu ya udongo, ikiwa imelala sawasawa, mpaka mlio ufifie. Sekunde 10 zinatosha. Wengi wanakosea kwa kusawazisha juu ya msumari uliofukiwa. Mashine inajifunza msumari, halafu siku nzima inadanganya. Rudia kila unapohama aina ya udongo, hasa penye jivu. Mahali palipochomwa visiki au takataka udongo wake unashika sumaku zaidi kuliko wa jirani, kwa sababu moto unaibadilisha ile chuma. Utashangaa mashine iliyotulia inalipuka ghafla kwenye duara la mita mbili. Usichimbe hapo kwa pupa, sawazisha kwanza.

Kuhusu kuchuja: zima. Pete nyembamba ya dhahabu inaangukia kwenye namba zile zile, zinazoonyeshwa na kioo cha mashine, za karatasi ya sigara na vipande vya foili. Ukifuta foili, umeifuta pete. Ndiyo maana ile ya majaribio haikusikika.

Simu achana nayo. Programu zile zinatumia dira ya simu, ambayo inapima nguvu ya sumaku. Itaona nati ya chuma ikiwa karibu kama upana wa kiganja. Dhahabu, fedha, shaba na alumini hazina sumaku, hata uziweke juu ya kioo namba haitikisiki.

---

Mpigaji_Lupa

Naongezea swali la pili, maana huku Chunya ndio mambo yetu.

Ukisema "mashine ya dhahabu" kuna za aina mbili kubwa. GPX 5000 inapiga mapigo ya umeme, inakata, inasubiri, halafu inasikiliza kinachobaki. Udongo unakuwa umeshanyamaza, ndiyo maana wachimbaji wa Lupa wanaipenda. Lakini kutenganisha chuma na dhahabu si kazi yake, na inasikia msumari wa inchi tatu ukiwa ndani kabisa. Kwenye shamba lililowahi kujengewa banda utachimba misumari mpaka jua lizame. GPZ 7000 ni nzito, ina nguvu kupita mahitaji, na mwenye nayo hatakukodishia bila yeye mwenyewe kuwepo.

Inayoweza kukufaa ni Gold Monster 1000. Hiyo ni kilohezi 45, inajisawazisha yenyewe, na inatofautisha chuma kwa kadiri yake. Masafa ya juu yanasikia vitu vidogo sana. Ingekuwa umepoteza mkufu mwembamba au hereni, ningekwambia usihangaike na nyingine, kwa sababu mkufu mashine inausikia kama pete moja moja ndogo zilizoungana, si kama kipande kimoja, na mashine za masafa ya chini zinaupita kimya. Pete nzima iliyofunga duara ni rahisi mara nyingi zaidi. Simplex inatosha, usipoteze nauli.

Jambo moja: akija mtu na kifaa chenye antena mbili zinazozunguka, anakwambia kinanusa dhahabu kutoka mita mia, mpe maji ya kunywa aende zake. Antena zinazungushwa na mkono.

---

Koili_Pana

Niendelee na eneo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochoka na kuacha.

Eneo lako lote ni mita 28 kwa 42, yaani mita za mraba 1,176. Koili ya Ace ina urefu wa sentimita 25 kutoka mbele hadi nyuma. Ili usiache mapengo, kila ukirusha mkono unasogea mbele nusu ya koili, sentimita 12 hivi. Njia moja ya mita 42 ni mirusho 350. Kwa sekunde 2 kila mrusho ni karibu dakika 12 kwa njia, na njia 28 za upana wa mita moja ni karibu saa tano na nusu bila kuchimba hata shimo moja. Mtu akifika saa ya tatu mkono unaanza kunyanyuka, koili inaelea sentimita 15 juu, na hapo unatembeza fimbo tu.

Basi usianze na eneo lote. Samadi ilimwagwa duara, tuseme kuanzia nusu mita hadi mita moja na nusu kutoka kwenye shina. Duara moja lina mita za mraba 6 na kidogo. Miti 24 ni kama mita 150. Hiyo ni kazi ya chini ya saa moja. Baada ya hapo njia ya toroli, halafu lilipokuwa rundo la samadi, halafu mahali pa kunawia mikono. Hapo pa kunawia watu wanapadharau. Asubuhi ya Uwemba yenye baridi vidole vinasinyaa, ukiongeza sabuni pete inateleza bila kuhisiwa.

Fyeka nyasi za katikati zibaki sentimita 3 hadi 5. Kila sentimita ya nyasi chini ya koili ni sentimita uliyoitoa kwenye kina. Ukitumia fyekeo, angalia usiache vipande vya waya.

Kwenye duara la mti zunguka shina kwa mzingo, koili ikitazama nje. Katikati ya mistari funga kamba mbili, umbali wa mita moja, tembea kati yake, kisha hamisha moja. Mkono unavyokwenda usiwe kama wa kufyeka, kwa sababu fyekeo hupanda mwishoni kila upande. Koili ibaki kimo kile kile mpaka mwisho wa mrusho. Vaa hedifoni. Mlio wa pete iliyo ndani ni mnong'ono, upepo wa Njombe unaumeza.

Kabla ya yote, fanya jaribio. Chukua pete inayofanana na iliyopotea, ifunge uzi mwekundu wa nusu mita, ifukie sentimita 5 kwenye udongo wa shamba hilo hilo, pitisha koili mara kumi ukiandika namba zinazotokea. Kisha sentimita 10. Utaona namba inayumba zaidi ikienda chini, na ndiyo namba utakayoitafuta. Uzi usiusahau, tusije kukufungulia uzi mwingine wa pete ya pili.

---

Bwanashamba_Tukuyu

Swali la nne ni la kwangu, na naomba mlichukulie kwa uzito.

Mizizi inayolisha parachichi iko juu juu, mingi ndani ya sentimita 20 hadi 30 za kwanza, na mingine inapanda mpaka kwenye matandazo yenyewe. Ukifunua nyasi utaiona, myeupe, laini, kama nyuzi. Ukija na sururu au jembe chini ya majani ya mti umekata chakula chake. Kibaya zaidi ni ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na Phytophthora cinnamomi, ambao unasafiri na tope kwenye vifaa na viatu. Kuchimba vishimo 40 kwa mwiko mmoja, mti hadi mti, ni njia nzuri ya kuugawa shamba zima.

Kwa hiyo chini ya mti usianze na kuchimba. Anza na kuondoa.

Tandika turubai la mita 2 kwa 3 nje ya kivuli cha mti. Matandazo yahamishe kwa mikono, si kwa reki ya chuma, yatikise juu ya turubai. Yapime kwa ditekta yakiwa yametandazwa. Samadi nayo ikwangue kwa mikono au kwa kipande cha ubao, iweke kwenye turubai ikiwa na unene wa sentimita 5, pitisha koili. Vaa glavu nene. Samadi ya ng'ombe wa ndani haikosi misumari, vipande vya waya, na mara nyingine sindano za chanjo. Turubai lenye macho ya chuma pembeni litakulilia kwenye kingo, pima katikati tu au tumia lile la nailoni lisilo na macho.

Ikibaki ardhi tupu, pima tena. Mlio ukiwa bado uko ardhini, tumia mwiko mdogo wa fundi ujenzi. Kata umbo la U, sentimita 10 kwa 10, upande mmoja ubaki umeshika, ufunue kama kifuniko. Ukikuta mzizi mnene kuliko penseli, ingia kutoka ubavuni. Rudisha kifuniko, gandamiza kidogo kwa kiganja. Ukimaliza mti, pangusa tope lote kwenye mwiko na viatu kwa brashi, kisha chovya mwiko kwenye Jik, sehemu moja kwa tisa za maji. Tope lisipotoka kwanza, Jik inaishia kwenye tope. Miti yenye majani ya njano na matawi yanayokauka juu iache mwisho.

Samadi unaporudisha, acha sentimita 30 wazi kutoka kwenye shina. Picha za mashamba mengi zinaonyesha watu wanalivika shina koti la samadi, linaoza gome.

---

Mkulima_Uwemba

Aisee, nashukuru sana wakuu. Nina maswali mawili ya nyongeza. Je, naweza kuchekecha samadi badala ya kuipima? Na huku kuna takataka nyingi za dawa, chupa zinafunguliwa shambani. Nazo zinalia?

---

Koili_Pana

Zinalia, na ndizo zitakazokuchosha kuliko udongo.

Ukifungua chupa mpya ya dawa ya kuua wadudu, chini ya kifuniko kuna kile kifoili cha duara unachokibandua na kutupa. Hicho ni alumini nyembamba, na mlio wake ni pacha wa pete nyembamba. Pakiti za dawa za unga zenye ndani ya kung'aa nazo ni hivyo hivyo. Hakuna ujanja wa kuzitenganisha kwa namba. Unazifukua zote. Kitu kimoja kinasaidia kidogo: pete ya duara inatoa mlio laini, mfupi, na namba yake haibadiliki sana ukiipima kwa kusimama kaskazini kisha ukahamia magharibi. Foili iliyokunjamana inarukaruka. Hiyo ni dalili, si hukumu.

Vizibo vya soda na bia ni chuma kilichopakwa, na umbo lake la mviringo linaidanganya mashine isome juu. Msumari uliolala nao unalia mara mbili, kila ncha mlio wake. Ukipita koili kwa kuufuata urefu na kisha kwa kuukata, utasikia tofauti. Hatari ya msumari ni nyingine: ukiwa sentimita 5 kutoka kwenye pete, unaifunika sauti yake. Ndiyo sababu penye chuma kingi unatoa chuma kwanza kisha unapima upya, au unatumia koili ndogo na kwenda polepole.

Na kabla hujalaumu takataka, jikague. Gambuti zenye bati puani, panga kiunoni, simu mfukoni, jembe ulilolilaza mita moja pembeni, vyote vinalia. Waya wa uzio wenye umeme na nyaya za TANESCO juu zinaleta mlio wa kukatakata hata koili ikiwa imesimama. Ikiwa inalia bila kusogea, ni umeme, si udongo. Ace 300i ina sehemu ya kusogeza masafa kidogo. Jaribu, na shusha usikivu.

Kubaini mahali: ukiupata mlio, kata msalaba. Pita kushoto kulia, weka jicho mahali unapokuwa mkubwa, geuka robo duara, pita tena. Mistari miwili inapokutana ndipo kilipo. Wenye kile kijiti kidogo cha mkononi wanakichomeka kwenye shimo na kukipata kwa sekunde. Bila hicho, toa udongo kiganja kimoja kimoja, upitishe mbele ya koili iliyolazwa chini. Kiganja kinacholia ndicho chenye kitu. Kabla ya kufanya hivyo vua saa na bangili.

---

Bwanashamba_Tukuyu

Kuchekecha kunafaa kama samadi imekauka. Ikiwa mbichi inaziba wavu kwa dakika mbili. Ila ukubwa wa tundu uangalie. Watu wanachukua wavu wa nusu inchi. Tundu la nusu inchi lina ulalo wa milimita 18, na pete ndogo ya kike ina upana wa nje wa milimita 18 hadi 20. Iliyo ndogo kabisa ikisimama wima kwenye kona inaweza kupita. Chukua wavu wa robo inchi, utachekecha polepole zaidi lakini haitapita. Na uchekechee mbali na ditekta, wavu ni chuma.

---

Jaruba_la_Ubaruku

Wakuu naomba niingilie kidogo, nisihame mada sana. Pini ya trela la pawatila imezama kwenye jaruba la mpunga, maji ya kifundo, tope la kutosha. Nayo itafutwe kwa ditekta?

---

Mpigaji_Lupa

Pini ni chuma tupu, tena nene. Usikodi ditekta. Tafuta sumaku mbili tatu za spika kubwa zilizokufa, zifunge kwenye ubao wa mita moja, ukokote kwa kamba kwenye tope, njia kwa njia. Zivike mfuko wa nailoni kwanza. Tope la Usangu lina mchanga mweusi wa chuma, sumaku inaota ndevu kila mita tatu. Ukiwa na mfuko, unauvua, ndevu zinaanguka zenyewe. Bila mfuko utazikwangua kwa kucha mpaka kesho.

Ukitaka ditekta lazima, koili za mashine nyingi zinaingia majini lakini kichwa cha Ace hakiingii. Simplex na AT Pro zinazama zote, mpaka mita 3. Kwa pini nzito hali ya kutochuja, usikivu wa kati, utaisikia sentimita 30 na zaidi. Na mwage maji kwanza kama zamu yako inaruhusu.

---

Mpima_Mipaka_Iringa

Na mimi niongeze matumizi ambayo watu hawayajui: bikoni, yaani alama za zege za mipaka. Mashamba ya mteremko Kilolo na Mufindi, mmomonyoko unazifukia kabisa, halafu majirani wanaanza kushikana mashati. Bikoni nyingi zina nondo ndani ya zege, ditekta inaipata kwa urahisi hata chini ya sentimita 40 za udongo.

Anza na ramani ya upimaji. Ina umbali kati ya bikoni na bikoni. Simama kwenye moja inayoonekana, vuta futi ya mita 50 kuelekea inakotakiwa kuwepo nyingine, hakikisha futi imelala mlalo na haifuati mteremko. Futi ikifuata mteremko inaonyesha umbali mrefu kuliko wa ramani, utatafuta pasipo. Usitegemee simu peke yake, inakosea mita 3 hadi 5 ukiwa wazi na zaidi ukiwa chini ya misindano. Kisha pima duara la mita 2 kuzunguka alama yako. Ukiipata, funua juu tu uione namba. Usiing'oe wala usiisimamishe hata kama imelala. Kuhamisha bikoni ni kosa kisheria, na ukiisogeza kwa nia njema bado umeisogeza. Mwite mpima aliyesajiliwa.

---

Mzee_wa_Malangali

Salaam vijana. Mmeeleza mashine vizuri, mmesahau watu.

Ukionekana unatembeza ditekta shambani, habari itafika sokoni kabla yako: anatafuta mali ya Mjerumani. Mwambie balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji mapema unatafuta nini, fanya mchana, na mashimo yafukiwe siku hiyo hiyo. Usiku na tochi ni kujitafutia kesi.

Vilevile huku kuna vya kweli ardhini. Mapigano ya 1916 yalipita Malangali na Lupembe. Risasi zilizotumika, maganda ya shaba, yanatoka. Ukikutana na kitu kizito cha mviringo chenye kutu, kirefu kama mchi au kama nanasi, usikigonge kuondoa udongo. Acha kilipo, weka kijiti chenye kitambaa mita kadhaa pembeni, waite polisi. Mlipuko wa zamani haujui kwamba vita imekwisha.

Sarafu nazo zinatoka. Zenye tundu katikati mara nyingi ni senti za wakati wa Mwingereza. Za shaba za heller 20 zenye 1916 zilitengenezwa Tabora, wakati Mjerumani amefungiwa njia ya bahari. Rupia ya fedha ina uzito wa gramu 11.66, yenye fedha zaidi ya asilimia 90. Ipo, na haina maajabu. Anayekuja na hadithi ya rupia yenye nguvu, au anayeuliza kama umekuta zebaki nyekundu, ni tapeli, na wenzake wako kwenye gari lililoegeshwa mbali kidogo. Vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1863 viko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuvichimbua kunahitaji kibali. Kutafuta pete yako kwenye shamba lako ni jambo jingine, ila shamba la mtu omba ruhusa, na mkubaliane kabla nani anachukua nini kikionekana.

---

Mkulima_Uwemba

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Wakuu, swali la mwisho: nikimaliza hatua zote hizo, nisione, nifanye nini kabla ya kukata tamaa?

---

Koili_Pana

Pita tena maduara ya samadi ukikata njia za mwanzo, yaani kama ulizunguka, sasa pita moja kwa moja. Pete iliyosimama wima kwenye udongo inatoa mlio mdogo kuliko iliyolala, na wakati mwingine inasikika kwa mwelekeo mmoja tu. Punguza kasi iwe nusu. Sawazisha upya, hasa kama mvua imenyesha katikati. Udongo ulioloa wenye mbolea ya chumvichumvi unaisumbua mashine tofauti na ulipokuwa mkavu. Halafu fukua yale yote uliyoyaandika "chuma labda", hasa yanayoruka kutoka namba ya chini kwenda ya kati. Pete iliyo jirani na msumari inasomeka hivyo.

Weka alama kwa vijiti kwenye kila mti uliomaliza, na uchore ramani kwenye karatasi. Wa kesho asianze na mti wa jana.

---

Bwanashamba_Tukuyu

Na zizi lilikotoka samadi, mahali koleo ilipokuwa inachota. Toroli nalo, kwenye mkunjo wa bati chini ya mhimili, tope likikauka linashika kitu kama saruji.

---

Mpigaji_Lupa

Kabla ya hayo yote, hata mashine hujaiwasha: zile glavu za siku ile. Zigeuze ndani nje, kidole kwa kidole.